Likizo Ndani ya Eda

Mirongo, Mwanza
9 Juni

Dada Justa,

Shikamoo. Usishangae kuona karatasi. Simu yangu iko kwenye kabati la mama mkwe tangu wiki ya kwanza ya msiba. Bi Mastura anasema mjane akiwa na simu, wanaume humpigia kumpa pole saa ambazo pole hazitolewi. Sikubishana naye. Leo Teodora amepita na machungwa yake ya Ukerewe, nikamwomba asubiri nikuandikie. Amekaa juu ya gunia ananikodolea macho utadhani anasimamia mtihani, kwa hiyo ukiona mwandiko umekimbia ujue sababu.

Sisi ni wazima. Mimi nipo ndani, kama unavyojua. Tangu Nurdin afariki tarehe mosi Machi sijavuka geti, na sitavuka mpaka eda yangu iishe, miezi minne na siku kumi. Nilipobadili dini kwa ajili ya ndoa nilifundishwa sala, nikafundishwa kufunga, hili la eda tulilipitia kwa dakika tano hivi. Nani angedhani nitalihitaji nikiwa na miaka thelathini na mbili? Sivai nguo ya rangi, sijipaki kitu kinachonukia, sitoki hata kununua chumvi. Shemeji Yunus, kaka yake marehemu, alinisaidia kuhesabu. Alichukua kalenda ya duka la saruji iliyopo jikoni, akachora duara jekundu kwenye tarehe 11 Julai. Kila nikienda kuchukua mwiko naliona.

Lakini shule zimefungwa, dada! Watoto ninao kutwa nzima. Nakwambia ukweli, tangu niwazae sijawahi kuwatazama hivi. Nilikuwa mtu wa cherehani kuanzia saa mbili asubuhi hadi magharibi, wamekua nikiwa nimewapa mgongo. Sasa kiangazi kimeingia. Asubuhi ni baridi ya kutetemesha, ila ikifika saa nne jua linajaa ua mzima, nami nawaogesha hapohapo kwenye beseni moja. Ngosha ana miaka minane, anasema yeye ni mtu mzima hawezi kuoga na Safia wa miaka mitano. (Ana jina lake la shule, lakini bibi yake alimwita Ngosha siku aliyozaliwa na hakuna anayemwita lingine.) Dakika mbili hazipiti, wanagombea kikombe cha kujimwagia maji. Safia akisuguliwa mgongo anaimba, akisuguliwa masikio anapiga ukelele hadi jirani anauliza kulikoni.

Leo sisi watatu tumetoa vichwa vya dagaa. Ngosha amevipanga kwenye sinia safu kwa safu, kisha akaita mahudhurio. Dagaa mmoja alichelewa, akachapwa. Nilicheka mpaka mama mkwe akatoka chumbani kunitazama, maana mwenye eda kucheka hivyo nako kuna macho yake.

Hizi barua zangu zitunze. Usiniulize kwa nini.

Mdogo wako,
Fadhila
(wewe niite Bernadeta, mama mkwe hatazisoma)


Nansio, Ukerewe
14 Juni

Bernadeta mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika ikinuka machungwa. Nimeisahihisha kwa mazoea, makosa matatu, na mwandiko wako bado unaegemea kushoto kama ulivyokuwa darasa la nne. Nimeisoma mara mbili halafu nikamsomea mama pale kitandani. Amecheka kwa yule dagaa aliyechelewa, akasema Ngosha amenifuata mimi, mwalimu.

Wewe unasema umefungwa? Unakaa juani unaogesha watoto na kula machungwa ya kwetu, hupigi mstari, hupigi kengele. Mimi hata likizo hii nafundisha masomo ya ziada, nina madaftari mia moja na ishirini ya wanafunzi wanaoamini Ziwa Viktoria liko Dodoma. Tubadilishane wiki moja tuone nani ataomba kurudishwa.

Kuna jambo ningependa nikulaumu kidogo. Juzi shemeji Yunus alinipigia simu kutoka Tabora. Tuliongea vizuri, ni mtu mstaarabu yule, anamaliza sentensi zake. Akanieleza kwamba atawachukua watoto wakasome shule ya bweni huko kwake, na kwamba familia imeshakaa na kukubaliana. Sasa kwa nini nilisikie kwake na si kwako? Nilifurahi sana. Peke yako na cherehani ungewafikisha wapi? Nikamwambia sisi upande wa mama hatuna neno, ni jambo jema, na Mungu ambariki. Alinishukuru sana, akasema neno langu ni zito kwa sababu mimi ni mwalimu.

Kwa hiyo usikae ukawaza ada. Pumzika mdogo wangu, umeumia vya kutosha. Mpe pole na salamu Bi Mastura.

Dada yako,
Justa


Mirongo
17 Juni

Dada,

Shikamoo. Umefanya nini?

Sikukwambia kwa sababu nilijua nikiliandika litakuwa kweli. Siku ya arobaini ya marehemu wazee wa kwao walikaa sebuleni, nami nilikuwa jikoni nikiwapikia pilau la kikao hichohicho. Wakaamua watoto waende Tabora, wote wawili, pamoja na Safia ambaye bado anakojoa kitandani. Mimi sikuulizwa. Niliitwa kuambiwa. Shemeji Yunus alisema mtoto wa marehemu analelewa na wanaume wa ukoo, na mimi bado kijana, nitaolewa, na mume wa pili hapendi watoto wa mwenzake. Alisema kwa upole, Justa. Hakupandisha sauti hata mara moja, na ndiyo maana hakuna aliyeona kwamba ananichoma kisu.

Wanaondoka tarehe 8 Julai kwa basi la alfajiri kutoka stendi ya Nyegezi. Duara langu jekundu liko tarehe 11. Siku tatu! Nilimwomba anisubiri siku tatu tu nitoke, niende nikaione hiyo shule, nizungumze na mtu yeyote nje ya geti hili. Akasema bweni linafunga kupokea tarehe 9. Nikabakiza neno moja. Nikamwambia kwetu nina dada mkubwa, ni mwalimu, yeye hawezi kukubali. Juzi amempigia mama yake simu akiwa ameweka sauti kubwa, nami nasikia: "Mama, hata upande wake wamebariki."

Hilo ndilo ulilofanya. Sijalala vizuri tangu hapo, na kama ungekuwa karibu ningekurushia sahani.

Nimekasirika lakini lazima nikuandikie habari za jino, maana nisipomwandikia mtu itapotea. Jana Ngosha ameng'oka jino la mbele. Alilirusha juu ya bati likateleza likarudi, akalirusha tena, likarudi. Mara ya tano likakaa. Safia akaangua kilio kwa nini yeye hana jino la kutupa. Nikamfunga uzi kwenye jino zima kabisa, tukakaa tunavuta kidogokidogo na kuhesabu, hadi akachoka akasinzia mapajani kwangu, uzi unaning'inia mdomoni. Nilikaa hivyo saa nzima, mguu ukafa ganzi. Sikuutikisa.

Jirani huwachukua jioni kwenda ziwani kwenye mawe. Wakirudi nawanusa vichwa kabla sijawaambia waoge. Jana Safia aliniletea ziwa kwenye chupa ya soda ili na mimi nilione. Lilikuwa limemwagika nusu njiani.

Wiki tatu, dada.

Fadhila


Nansio
21 Juni

Mdogo wangu,

Nimekosa. Nilisikia neno shule, masikio yangu yakaziba kwa mengine yote. Ndivyo tulivyo walimu, mtu akikutajia shule ya bweni yenye maktaba huulizi mama wa mtoto anasemaje. Nisamehe, na hiyo sahani nirushie tutakapoonana.

Siku niliyopata barua yako nilimpigia Yunus saa hiyohiyo. Nikamwambia nafuta maneno yangu. Akanijibu, "Mwalimu, mimi neno lako nimelishika. Ukilifuta kila ukilalamikiwa na mdogo wako, tutalishika lipi?" Na simu ikakatika. Tangu hapo haipokei. Nimempigia Bi Mastura mara nne, anaitikia salamu, nikianza kusema anasema mtandao unasumbua.

Basi sikiliza. Toka. Nakuandikia kama dada yako na si kama mwalimu. Chukua watoto asubuhi ukijifanya unawapeleka kliniki, shuka gatini, panda boti, kwa saa tatu uko hapa. Nimeuliza, wanasema hata dini yenyewe inamruhusu mwenye eda kutoka mchana kwa jambo la lazima. Kuna la lazima kuliko hili? Ukifika huku twende wote ustawi wa jamii, tuone nani atakuja kukupokonya watoto mbele ya mama yetu.

Mama anauliza mbona sijamsomea barua ya pili. Nimemwambia Teodora kaipoteza.

Dada yako asiye na akili,
Justa


Mirongo
25 Juni

Dada Justa,

Shikamoo. Nilikusamehe nilipofika mstari wa pili. Ila sitatoka, na nataka unielewe ili usije ukadhani nimeogopa tu.

Kwanza, kwa jambo la lazima ninaruhusiwa kutoka na kurudi kulala hapahapa. Siruhusiwi kutoka na mabegi nikahamia kisiwani. Hilo najua, na wao wanalijua zaidi yangu. Pili, mimi hapa ni mtu wa kuja. Miaka tisa nimekaa nyumba hii na bado wapo mashangazi wanaonichungulia wakati wa futari waone kama kweli nimefunga. Nikitoroka eda wiki mbili kabla haijaisha, watasema Bernadeta hakusilimu, alimfuata mwanamume tu, na mwanamke asiyeweza kumkalia mumewe eda atawalea vipi watoto wa Kiislamu? Nitakuwa nimewaandikia hukumu mimi mwenyewe kwa mkono wangu.

Na tatu ni Nurdin. Alirudi gereji mchana, akasema kichwa kinamgonga, akalala, alfajiri hakuamka, basi. Sikumuuguza hata siku moja. Hakuna kitu kingine nilichoweza kumfanyia zaidi ya hiki, nikikatize?

Kwa hiyo nimekwama, Justa. Nikitoka nawapoteza, nikikaa nawapoteza. Nazunguka ua huu nafagia mahali nilipokwisha kufagia.

Jana nilikuwa namsuka Safia, amekaa katikati ya magoti yangu anakula muwa. Akaniuliza, "Mama, wewe umefungwa?"

Nikamwambia, "Nani kasema?"

"Ngosha. Amesema polisi wamesahau kuja kukufungulia."

Nikamwita Ngosha nimweleze. Nikamwambia ninakaa ndani kwa sababu baba yenu amefariki na ninamheshimu. Akafikiri, na yule akifikiri anauma shati. Akasema, "Basi na mimi nakaa." Jioni jirani alipokuja kuwachukua kwenda ziwani akakataa. Alikaa mlangoni kwangu na mpira wake hadi giza likaingia, hataki hata kuucheza. Nililia chooni ili wasinione, halafu nikatoka tukacheza rede ndani ya ua, mimi na khanga yangu nyeupe. Nilipigwa mpira wa kichwa nikatolewa.

Hawajui kama wanaondoka. Yunus amesema wataambiwa siku yenyewe, ili wasisumbue.

Mama mkwe ananishangaza. Hanijibu vibaya, ila nikilitaja jambo la Tabora anainuka. Leo nimemwambia, "Mama, wewe ni mzazi." Akaniambia, "Maji ya kunywa yamekwisha kwenye mtungi," akaondoka. Mtungi ulikuwa umejaa.

Nimebakiza siku kumi na tatu za kuwaogesha.

Fadhila


Nansio
29 Juni

Bernadeta,

Kaa chini kwanza.

Shuleni kwetu yupo Mwalimu Mihayo wa hesabu, ambaye jioni anafundisha madrasa. Leo baada ya kusahihisha nilimweleza shida yako yote. Nilitaka kujua kama mtu anaweza kuombewa kupunguziwa eda siku tatu. Akasema haipunguzwi. Halafu akaniuliza, "Huyo shemeji yako alifariki lini?"

Nikasema mosi Machi.

Akasema, "Sikuulizi ya ukutani. Mwezi gani wa Kiislamu?"

Nikasema sijui, lakini nakumbuka tulipotoka kuzika jioni ile watu walikuwa bado kwenye mikeka, mtu akapiga kelele mwezi umeonekana, na kesho yake mkaanza Ramadhani. Huyu mtu akaweka kalamu chini. Akaniambia, "Mwalimu Justa, eda haihesabiwi kwa kalenda ya duka la saruji. Inahesabiwa kwa mwezi mwandamo." Akanihesabia kwa vidole mbele yangu. Ramadhani, Shawali, na miwili inayofuata. Miezi yao ina siku ishirini na tisa au thelathini, haifiki thelathini na moja hata siku moja. Muharram imeandama tarehe 26 jioni. Weka siku kumi. Eda yako inaisha jua likizama tarehe 6 Julai.

Tarehe 6, Bernadeta! Tarehe 7 asubuhi wewe ni mtu huru, na basi ni tarehe 8. Hutoroki, hukatizi, humvunjii Nurdin heshima yake. Mimi na wewe tulikuwa tunahesabu Kikristo.

Najiuliza tu kwa nini wao wahesabu hivyo. Yunus ni mwanamume, pengine hajui. Lakini Bi Mastura?

Mihayo anasema tafuta mtu wa pale msikitini kwenu akuhakikishie. Mimi nitapanda boti ya asubuhi tarehe 7, saa nne niko getini kwako. Nimeomba ruhusa, nimesema nina msiba, Mungu anisamehe. Kaa kimya mpaka nije.

Justa


Mirongo
3 Julai

Dada,

Shikamoo. Sikukaa kimya. Nisamehe, unanijua tangu zamani.

Nilimsubiri mama mkwe amalize sala ya alasiri. Watoto walikuwa wanapepeta mchele na mimi, maana yake walikuwa wanaumwaga. Nikamwambia, "Mama, Nurdin alizikwa jioni mwezi wa Ramadhani ulipoandama. Eda yangu inaisha tarehe 6." Nilitegemea abishe. Akabaki anatazama ungo.

"Nani kakwambia?"

"Ni kweli au si kweli?"

Akasema, "Ni kweli. Nahesabu tangu siku ya kwanza."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miezi yote hii mimi nikilitazama duara lile. Akasema Yunus alipolichora aliona amekosea, akafungua mdomo amrekebishe, halafu akakumbuka tarehe ya safari, akaufunga. "Niliona ni afadhali usiwepo nje siku wakiondoka," akasema. "Kuwaona wanaondoka ukiwa na miguu ya kuwafuata ni kubaya zaidi." Sikumwelewa. Nilimwambia ni dhuluma. Akasema, "Ndiyo," kama mtu anayeulizwa kama anataka chai.

Akaingia chumbani nikamsikia anampigia Yunus. Nilisikia, "Msubiri mama yao. Msubiri tu mzungumze."

Sijui nimefanya vizuri au nimeharibu. Lakini leo nimewaogesha bila kuhesabu siku zilizobaki, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Ngosha amenifundisha kupiga mluzi kwenye pengo la jino lake, na mimi sina pengo, kwa hiyo nimetoa mate tu. Safia amesema nimefeli. Kisha wakalala wote wawili kwenye mkeka uani, jua likiwa miguuni kwao, midomo wazi, nami nikakaa kuwafukuzia inzi. Kama mtu angeniuliza pale nataka nini duniani, ningemwambia shika hapohapo, usiongeze kitu.

Njoo tarehe 7. Nitakuwa nimevaa viatu.

Fadhila


Mirongo
5 Julai, saa nane mchana

Justa,

Yunus amefika. Amepata tiketi za kesho alfajiri. Kesho, tarehe 6, basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na eda yangu inaisha saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na mbili, dada. Amenihesabia vizuri safari hii.

Nimepiga magoti mbele yake, sijawahi kumpigia mtu magoti. Akaniinua, akasema, "Shemeji, usijidhalilishe, mimi nawapenda hawa watoto." Nadhani ni kweli anawapenda. Ndiyo inayonimaliza.

Nimewakata kucha zote ishirini na ishirini. Safia hataki kukatwa kidole kidogo cha mguu, nimemwimbia. Nimewapa uji wa karanga. Wanadhani ni sikukuu.

Teodora anapanda boti ya mchana huu na barua hii. Najua itakufikia usiku, na hakuna boti ya usiku. Sijui nitafanya nini alfajiri. Niombee kwa Mungu yeyote atakayewahi.

Bernadeta


Mirongo, Mwanza
9 Julai

Kwa mwanangu Yunus, Tabora

Assalamu alaykum. Siku ya tatu hupokei simu yangu, kwa hiyo nimempa kondakta wa basi karatasi hii. Macho yangu hayaoni vizuri, ukikuta herufi zimepandana vumilia.

Unasema nilikuaibisha mbele ya abiria. Ni kweli. Mwanamke wa miaka sabini na tatu kupanda ndani ya basi, khanga imeanguka, anamshika mjukuu mkono na kumwambia shuka, ni aibu. Na kabla ya hapo nilikuwa nimekaa kwenye pikipiki kutoka Mirongo mpaka Nyegezi, nimemkumbatia kiunoni kijana wa watu nisiyemjua hata jina. Mungu ananihesabia na hiyo.

Nikuambie yaliyotokea ulipokwisha kuondoka na bajaji. Nilitoka chumbani nikamkuta shemeji yako getini. Amevaa viatu. Mkono uko kwenye komeo. Miezi minne yule binti hakuweka hata kidole nje, na alikuwa amebakiza mchana mmoja. Alinitazama, akaniambia, "Mama, nitolee hukumu yako baadaye." Nikamwambia, "Vua viatu. Kaa ndani umalize eda ya mwanangu. Naenda mimi."

Sasa nitakwambia kitu ambacho nilipaswa kukwambia siku nyingi. Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka saba, na Nurdin alikuwa mtoto wa kunyonya. Wazee walikaa kama mlivyokaa ninyi. Wakasema Nurdin abaki kwa sababu ya ziwa la mama, wewe uende Tabora kwa baba yako mdogo. Umekuwa mkubwa ukiamini nilikutoa. Ulimwambia hata marehemu mdogo wako siku moja, "Mama alinitoa na sikufa." Alinieleza. Sikukutoa, Yunus. Nilikuwa ndani ya eda. Walikuja asubuhi kukupeleka stesheni, mimi niko nyuma ya mlango wa chumba, nimebakiza siku kumi na moja. Hukulia. Uliuliza tu kama daftari zako zimo kwenye begi, na mtu akakujibu zimo. Mimi nilijua hazikuwemo, zilikuwa mikononi mwangu. Nikajiambia nikimaliza nitamfuata. Nilipomaliza wakaniambia ameshazoea, usimvuruge mtoto. Nikatii. Nilifikiri kutii ndiyo subira.

Kwa hiyo ulipochora duara lako nilikuacha ulichore, kwa sababu nilijua maumivu ya nyuma ya mlango na sikujua mengine. Nilidhani namwonea huruma. Nilikuwa namfungia nilimofungiwa mimi.

Siku ile jua lilipozama Fadhila alioga, akavaa gauni la kijani. Asubuhi yake dada yake alikuja na boti, anasema sana yule mwalimu, nimempenda. Wakafungua geti. Shemeji yako alifika kwenye kizingiti akasimama, amesahau namna ya kutoka. Watoto wakamvuta, huyu mkono huu na huyu mkono huu, wakaenda ziwani, na hawakurudi mpaka mchana, wamelowa wote watatu. Watakaa hapa na mama yao. Watasoma hapa. Ukitaka kuwalea, njoo uwalee hapa, chumba chako kipo. Sijakaa kikao na mtu kuamua hilo.

Alfajiri ile nilifika kwenye basi lile nikiwa nimechelewa miaka arobaini na miwili. Nilikuja kushusha watoto watatu. Wawili walishuka. Wa tatu alibaki kwenye siti ya dirishani, ana mvi, anatazama mbele, na mimi sikuwa na nguvu ya kumbeba.

Mama yako,
Mastura